Siapi: nimeitwa mahakamani Pune, India, nikatoe ushahidi

Kutoka: Hamadi, Pune
Jumapili usiku

Assalaam alaykum wakubwa zangu na ndugu zangu wote wa Tanga mlio mbali na nyumbani. Shikamooni.

Mwaka jana nilikuwa ndani ya bajaji narudi hosteli, nikaona kwa macho yangu gari dogo likimgonga mtoto wa shule aliyekuwa akivuka barabara. Dereva hakusimama. Nilishuka, nikasaidia kumpakia yule mtoto apelekwe hospitali, polisi walipokuja nikawapa maelezo. Nikadhani yameishia hapo. Wiki hii nimeletewa samansi, nifike mahakamani tarehe 18 nikatoe ushahidi.

Kusema nilichokiona sina tatizo nako, mpaka rangi ya gari naikumbuka. Tatizo langu ni kiapo.

Mimi kwetu Makorora. Zamani bibi yangu alikula yamini katika ugomvi wa shamba la minazi Pangani, ndugu kwa ndugu. Alisema kweli tupu, na kila mtu anajua alisema kweli, lakini mwaka haukwisha akamzika mwanawe wa kwanza. Tangu siku hiyo alitukalisha wajukuu wote akatukanya: asiape mtu katika nyumba hii, iwe kwa jambo kubwa au dogo. Mimi hata "wallahi" ya mchezoni sijawahi kuitamka. Najua wengine mtaona ni mambo ya wazee, ila kwangu ni ahadi.

Nilimweleza karani mmoja pale mahakamani. Hakuninyanyulia hata uso, alisema tu ukikataa kuapa ni jela miezi 6. Mwenzangu wa chumba ananishauri nisiende kabisa, eti mimi mgeni, watanisahau. Naombeni msaada. Ni kweli mtu anafungwa kwa kukataa kuapa?


Kutoka: Baba Tatu, Leicester
Jumapili usiku

Hamadi mwanangu, waalaykum salaam, marahaba.

Kwanza kabisa, usithubutu kutokwenda. Hilo la mwenzako litupe.

Pili, usihangaike peke yako, jambo hili lina njia yake. Huku Uingereza shahidi akipanda kizimbani anaulizwa kabla ya lolote: unaapa au unathibitisha? Anayeapa anapewa kitabu cha dini yake. Anayethibitisha anasoma maneno yasiyotaja Mungu. Sheria ya viapo ya mwaka 1978 inasema anayekataa kuapa ataruhusiwa kuthibitisha, na nguvu yake ni ileile. Ukiyakataa yote mawili, hapo ndipo umeidharau mahakama, na mahakimu wa ngazi ya chini wanaweza kukuweka ndani mpaka mwezi mmoja.

Haki hii watu waliitolea jasho. Jirani zetu wa Northampton walimchagua Charles Bradlaugh kuwa mbunge mwaka 1880. Hakuwa mtu wa dini, akaomba athibitishe badala ya kuapa, wakamkatalia. Alilazwa kizuizini ndani ya jengo la Bunge, akavuliwa kiti, wananchi wakamrudisha, wakamvua tena, wakamrudisha tena. Alikaa kwenye kiti chake mwaka 1886, na sheria ya kumruhusu mtu yeyote kuthibitisha ikapita mwaka 1888. Sanamu yake ipo Abington Square, mimi huipita nikienda kazini.

Ya India siyajui kwa undani. Mama Shani alisoma sheria hukohuko Pune kabla hajarudi nyumbani. Dada Mama Shani, upo?


Kutoka: Mama Shani, Tanga
Jumatatu alfajiri

Nipo. Nimeisoma barua yako Hamadi baada ya sala, nikaona niandike kabla sijatoka kwenda mahakamani, maana tarehe 18 si mbali.

Karani hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari, na nusu aliyokunyima ndiyo inayokuhusu. Kosa lipo. Lilikuwa kifungu cha 178 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Tangu tarehe 1 Julai 2024 kanuni hiyo imepisha sheria mpya iitwayo Bharatiya Nyaya Sanhita, na kosa lako sasa liko kifungu cha 213. Adhabu ni kifungo kisicho na kazi ngumu kisichozidi miezi 6, au faini, au vyote viwili. Faini ilikuwa rupia 1,000, sasa inafika 5,000.

Lakini kisome taratibu kama tulivyokuwa tukisomeshwa. Anayeadhibiwa ni yule anayekataa kujifunga kwa kiapo AU kwa uthibitisho kwamba atasema kweli, akiwa ametakiwa hivyo na mtumishi wa umma mwenye mamlaka ya kumtaka. Hilo "au" ndilo mlango wako. Sheria haikulazimishi uape. Inakulazimisha ujifunge kusema kweli, na imekupa kamba mbili uchague. Ukizikataa zote mbili ndipo kosa linapotimia.

Na India katika hili ni wepesi kuliko sisi. Sheria yao ya viapo ya mwaka 1969, kifungu cha 5, inasema shahidi anaweza kuthibitisha badala ya kuapa. Basi. Haikuulizi sababu, wala haikutaki uonyeshe kwamba dini yako inakataza. Kwetu Tanzania asiyetaka kuapa anatazamwa imani yake, au aeleze kwamba hana dini au kwamba dini yake inakataza kuapa. Na nikwambie jambo ambalo huenda hulijui: Waislamu wengi wanaotoa ushahidi hapa Tanga, kwenye mwenendo wa kesi wanaandikwa kwamba wamethibitisha. Kila wiki nayaona maneno hayo. Bibi yako angeitwa leo mahakamani, pengine angethibitisha, asiape.

Yale unayoyaona kwenye filamu za Kihindi, shahidi anaweka mkono juu ya kitabu, yaondoe kichwani. Maneno ya kiapo yaliyomo kwenye sheria ile hayataji kitabu chochote. Ni sentensi moja tu, na ndani yake pana sehemu mbili za kuchagua: naapa kwa jina la Mungu, au nathibitisha kwa dhati, kwamba nitakayosema yatakuwa kweli, kweli yote, wala si kingine ila kweli. Wewe utasema ile ya pili.

Sasa nitakalokuambia lishike kuliko yote. Kinachowaponza watu ni ukimya. Nimewaona hapa nyumbani na niliwaona kule: shahidi anasomewa maneno, anainamisha kichwa, anabana midomo. Hakimu hana namna ya kujua kama mtu huyu ana imani yake, anaogopa, au amehongwa asiseme. Akimwona amenyamaza ataandika "amekataa". Hakimu wa India ana uwezo wa kukutoza faini ndogo papo hapo, siku hiyohiyo kabla mahakama haijainuka, ukishindwa kulipa unakaa ndani. Au anaandika malalamiko na jambo linakuwa kesi kamili. Kosa hili si la polisi kukukamata bila hati, na dhamana yake ni haki yako, lakini kwa nini ufike huko? Na hata ukiwa umeshaadhibiwa papo hapo, ukitii baadaye au ukiomba radhi, mahakama inaweza kukufutia. Nayasema haya ili ulale usingizi.

Kwa hiyo usingoje uitwe jina lako. Siku hiyo fika mapema, mtafute mwendesha mashtaka wa serikali anayesimamia kesi, maana wewe ni shahidi wake, umwambie kwa heshima: nitathibitisha, sitaapa. Ukipanda kizimbani rudia hayohayo kwa sauti inayosikika. Usianze kumsimulia hakimu habari za Pangani. Hakuziomba.

Na ujue kuthibitisha si njia ya kukwepa uzito. Anayesema uongo baada ya kuthibitisha ni sawa na aliyeapa akasema uongo: kule ni kifungo mpaka miaka 7, na hapa kwetu pia ni 7.

Kuhusu kutokwenda: kuipuuza samansi inayokutaka ufike wewe mwenyewe mahakamani nako ni kosa, na kifungo chake nacho kinafika miezi 6. Mwenzako wa chumba amekutoa kwenye moto akakutia kwenye makaa.

Nakimbia. Uliza tena usipoelewa.


Kutoka: Hamadi, Pune
Jumatatu mchana

Shikamoo Mama Shani. Sijui nikushukuru vipi. Nimeyasoma maelezo yako mara tatu.

Nina maswali mawili. Wale polisi waliochukua maelezo yangu siku ya ajali hawakuniapisha. Je, maelezo yale ni batili? Na pili, kama hakimu atasema "hapa kwangu kila mtu anaapa", nifanye nini?


Kutoka: Mama Shani, Tanga
Jumatatu usiku

Marahaba mwanangu.

Si batili. Polisi wa India wanapokusanya maelezo ya mashahidi kwenye upelelezi hawaapishi mtu, wala hawapaswi kukusainisha maelezo hayo. Hapa ndipo yale maneno "mwenye mamlaka ya kumtaka" yanapopata maana. Si kila aliyevaa sare au mwenye mhuri anaweza kukutaka uape. Askari wa kawaida akikwambia "apa sasa hivi", hujavunja kifungu kile ukikataa. Hakimu akikutaka, ndipo kimekushika. Na mshtakiwa yeye hagusiki kabisa: Katiba yao, ibara ya 20, inakataza mshtakiwa kulazimishwa kuwa shahidi dhidi ya nafsi yake, na ile sheria ya viapo inakataza kumwapisha, isipokuwa yeye mwenyewe akitaka kujitetea kama shahidi. Wewe ni shahidi tu, usijichanganye naye.

Swali la pili: sidhani litatokea, lakini likitokea, usibishane. Sema: "Mheshimiwa, naomba nithibitishe chini ya kifungu cha 5 cha sheria ya viapo ya 1969." Kisha nyamaza umwache asome. Ukitaja kifungu kwa adabu, kazi iliyobaki ni yake. Kama Kiingereza chako kitatetereka kwa hofu, andika sentensi hiyo kwenye karatasi. Na kama utaomba mkalimani, jua kwamba naye ataapa au atathibitisha kabla hajakutafsiria.

Nina neno moja la pembeni, nisameheni. Tanganyika ilitumia kanuni hiyohiyo ya adhabu ya India kuanzia mwaka 1920 mpaka tulipopata ya kwetu mwaka 1930. Kwa hiyo babu zetu walioitwa mahakamani Tanga miaka ile walikabiliwa na kifungu hichohicho cha 178, ambacho kwa Hamadi leo kimekuwa cha 213. Na kanuni yetu ya sasa, Sura ya 16, bado inasema anayeitwa kutoa ushahidi akakataa kuapa na kuthibitisha ni kosa, kifungo mpaka miezi 6 au faini isiyozidi shilingi 500. Katika kesi ya jinai hakimu wetu anaweza pia kuahirisha kwa siku zisizozidi 8 na kukuweka mahabusu katika muda huo mpaka ukubali. Wanaorudi nyumbani kwa kesi za mirathi na mashamba, mlikumbuke hilo.

Na kwa kuwa nimeligusa, niseme na hili linalonikera. Kila mwezi napokea ujumbe kutoka kwenu huko nje: "Mama Shani, nimekutumia hati ya kiapo kwa simu, nigongee mhuri." Sigongi. Kamishna wa viapo anatakiwa aandike chini ya hati jina lake, mahali na tarehe ambayo kiapo kimeliwa mbele yake, na aandike kweli. Ukiwa Leicester nami nikaandika "Tanga", nimesema uongo na hati yako imekufa siku upande wa pili utakapouliza ulikuwa wapi. Nimeshuhudia mtu akipoteza nafasi ya kudai nyumba ya baba yake kwa hati ya namna hiyo. Alilia pale nje kwenye mwembe, nami sikuwa na la kumwambia. Tafuteni mwenye mamlaka ya kuapisha hukohuko mliko, mwende kwa miguu yenu, msaini mbele yake.

Hamadi, kesho nina shughuli Makorora. Unaniruhusu nipite kwa bibi?


Kutoka: Hamadi, Pune
Jumatatu usiku

Nakuruhusu, tena nakuomba. Nyumba ya pili kutoka msikitini, ina baraza la sementi.


Kutoka: Mama Mwanaisha, Toledo
Jumanne

Naomba nami nichangie kidogo, maana suala la kiapo lilinikaba koo hapa Marekani, kwa upande wa uraia.

Toledo na Tanga ni miji dada, na tulipofika walitupokea vizuri. Mimi nilipita usaili nikafaulu, nikadhani nimeshakuwa raia. Sivyo. Mpaka ule kiapo cha utii hadharani, wewe bado ni mgeni mwenye kadi ya kijani. Hakuna anayekufunga kwa kukataa, ila uraia hupati. Na usipofika kwenye sherehe zaidi ya mara moja bila sababu nzuri, wanachukulia umeacha ombi lako.

Nilikuwa na mawazo kama ya Hamadi, nikauliza. Ile tamati ya kumtaja Mungu inaondolewa ukiomba, na neno la kuapa linabadilishwa. Hata sehemu ya kuahidi kushika silaha inaondolewa kwa mwenye imani inayokataza, ukieleza na kuonyesha. Ila sehemu ya kuukana utii wa nchi nyingine haiondolewi, na sheria ya kwetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia mbili. Hapo ndipo nililia. Watu wanauliza habari ya maneno ya dini, wanasahau kwamba sentensi ya kwanza tu ya kiapo kile inakutenga na pasi yako ya Tanzania. Fikirini kabla ya siku ile, mkiwa bado mmekaa kwenu na familia.


Kutoka: Baba Tatu, Leicester
Jumanne

Ahsante dada. Huku pia ni hivyo. Tangu mwaka 2004 mtu mzima anapita kwenye sherehe, anaapa au anathibitisha utii kwa Mfalme, na barua ya kukubaliwa ikishatoka una miezi 3 tu. Nimemwona mtu aliyeiweka barua kwenye droo akaenda likizo Tanga.


Kutoka: Mama Shani, Tanga
Jumatano

Nimetoka kwa bibi. Mzima, anakusalimu, anasema unakonda kwenye picha.

Nilimweleza polepole. Nilimtajia maneno yote ya kuthibitisha kwa Kiswahili, akanifanya niyarudie. Akauliza: "Jina la Mwenyezi Mungu halimo?" Nikamwambia halimo. Akanyamaza sana, anapepeta mchele tu. Halafu akaniuliza: "Na huyo mtoto aliyegongwa, yu hai?" Nikasema sijui, Hamadi hakutuambia.

Akasema: "Muulize."


Kutoka: Hamadi, Pune
Jumatano usiku

Yu hai. Mguu mmoja umepona kwa kupinda. Mama yake nilikutana naye siku ile nilipokwenda kuulizia kesi. Sikuliandika mwanzoni kwa sababu nilikuwa nafikiria kiapo changu tu.

Mwambie bibi nitakwenda.


Kutoka: Hamadi, Pune
Tarehe 19

Assalaam alaykum wote.

Nimetoa ushahidi jana. Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, nikamtafuta mwendesha mashtaka kama nilivyoelekezwa. Mwanamama, ana haraka, lakini aliponisikia akaandika pembeni ya jalada lake akaniambia hakuna shida. Niliitwa mchana. Hakimu hakuniuliza sababu hata moja. Nilisema nathibitisha, mpiga chapa akanisomea nikafuata, haikufika nusu dakika. Nilikuwa nimekunja kile kikaratasi cha kifungu cha 5 mkononi mpaka kikalowa jasho, na sikukihitaji.

Wakili wa dereva ndiye aliyenitoa jasho la kweli. Alinihoji karibu saa nzima: jua lilikuwa upande gani, bajaji ilikuwa na turubai au haina, nilivaa miwani au sikuvaa. Nilijibu nilichokiona, nisichokiona nikasema sikukiona.

Mwisho nilisomewa ushahidi wangu nihakikishe kama umeandikwa sawa. Mstari wa juu kabisa ulisema shahidi "ameapishwa". Mama Shani hakuniambia habari hiyo, lakini nikaona haiwezekani nipite pale kimya. Nikainua mkono nikasema, Mheshimiwa, mimi sikuapa, nimethibitisha. Akamtazama mpiga chapa. Wakafuta, wakaandika upya, hakimu akasaini.

Mama Shani, nakuomba ukipita Makorora umwambie bibi kwamba karatasi yenyewe imeandikwa hivyo.